Kwanza Waya, Chaja Baadaye



Mazungumzo yetu ya leo ni ya kuchaji vyombo vya umeme. Mtu amenunua gari ya umeme, au pikipiki ya umeme, au ana nyumba ya wageni na anataka mgeni akifika alale huku gari yake inachaji. Afunge mtambo gani? Swali hili likiulizwa, kinachotajwa kwanza ni chaja: ya kasi gani, ya kampuni gani, inauzwa wapi. Mimi naona tumelishika kwa mkia. Kwa kisiwa hiki chetu cha Pemba, chaja ni la mwisho kulipia. La kwanza ni waya uliomo ukutani mwako, erthi iliyomo ardhini mwako, na transfoma inayolisha mtaa wako. Mwenye vitatu hivyo vizuri, chaja ya bei ndogo itamtosha. Asiyekuwa navyo, hata akileta chaja kutoka Ujerumani atalala macho.

Tuanze na masafa, kwa sababu hapo ndipo Pemba ilipojaaliwa. Kutoka Ras Kigomasha mpaka ncha ya kusini kisiwa hakifiki kilomita 70. Chake hadi Mkoani ni kama kilomita 30, na Chake hadi Wete haiko mbali na hapo. Chukua mtu anayekaa Mkoani, anayefanya kazi Chake na kurudi kila siku: kilomita 60. Gari ndogo ya umeme, mfano Nissan Leaf, hula uniti 15 hadi 17 kwa kilomita 100. Uniti ni ile ile ya kwenye risiti yako ya Tukuza, mita ya kulipia kabla, si nyengine. Basi safari yake ya siku ni uniti 10 hivi, na tuseme 11 kwa zile zinazopotea kama joto wakati wa kuchaji. Vilima vyetu vinakula kidogo wakati wa kupanda, lakini gari hizi zikiteremka mota inageuka kuwa jenereta na kurudisha sehemu ya umeme kwenye betri, kwa hiyo mabonde ya Pemba si adui mkubwa kama mtu anavyodhani.

Uniti 11 zinaingia kwa muda gani? Soketi ya kawaida ya pini tatu bapa, ukiibana itoe ampea 10 tu, inatoa kilowati 2.3. Uniti 11 zitachukua saa tano. Ukichomeka saa nne usiku, watu wameshapika, televisheni nyingi zimezimwa, inapofika saa tisa usiku gari imeshajaa na wewe hujaamka. Ni kama pipa uliloliweka chini ya mfereji tangu baada ya Isha: huna haja ya maji ya kasi, mradi lijae kabla ya alfajiri.

Ukitaka kujua faida yako, hesabu ni nyepesi. Chukua bei ya uniti iliyomo kwenye risiti yako, zidisha kwa 11. Kisha chukua bei ya petroli inayotangazwa kila mwezi na ZURA, mamlaka ya udhibiti, zidisha kwa lita nne na nusu au tano, ambazo ndizo gari ndogo ya petroli itakazokula kwa kilomita hizo 60. Weka namba mbili hizo pamoja, uzitazame mwenyewe. Sikutajii jawabu hewani kwa sababu bei hizi hupanda na kushuka, na nisingependa mtu aje kuninukuu mwakani.

Sasa nilisema soketi ya kawaida inatosha, na hapo lazima nitie breki, maana neno hilo ndilo linalochoma nyumba. Inatosha kwa hesabu. Kwa usalama, haitoshi mpaka uikague. Pasi unaitumia dakika ishirini, jagi la umeme dakika tano. Gari inavuta ampea 10 kwa saa tano mfululizo, usiku baada ya usiku. Soketi nyingi za nyumba zetu hazijawahi kufanyishwa kazi hiyo tangu zilipofungwa. Nenda kaitazame ile soketi ya barazani. Ikiwa karibu na tundu la pini pana doa la kahawia, kama plastiki iliyobabuka, ujue ndani skurubu imelegea na waya unapata moto. Ifungue, meini swichi ikiwa imezimwa: kwa nyumba zilizo karibu na bahari, Wesha, Mkoani, Tumbe, utaona shaba imeota kutu ya kijani kwa hewa ya chumvi. Kutu hiyo inazuia umeme kupita sawasawa, na palipozuiwa umeme pana joto.

Na ekstensheni je? Hapana. Hasa ile ya kuviringishwa kwenye gurudumu. Watu huvuta mita mbili kufikia gari, mita nyengine zote zikabaki zimejiviringa pale pale, joto halina pa kutokea, na waya unayeyuka wenyewe kwa wenyewe. Mtu anaona plagi iko sawa kumbe moto uko kwenye gurudumu.

Ninachomshauri mtu wa nyumbani ni hiki. Mwite fundi avute waya mpya peke yake, kutoka kwenye boksi la breka moja kwa moja mpaka pale gari inapolala. Usipite sebuleni, usigawane na friji. Uwe wa milimita 4 za mraba, na kama ni mbali sana na boksi, uwe 6. Mwisho wa waya huo funga soketi ya buluu ya duara, ile ya mafundi wa kuchomea na wa mitambo, ya ampea 16. Hiyo imetengenezwa kubeba mzigo kwa saa nyingi, ina kifuniko cha kuzuia maji, na pini zake zinakamata. Breka yake iwe peke yake. Na mbele yake kiwekwe kile kifaa kinachokata umeme unapovuja, mafundi wanakiita RCD, cha miliampea 30. Tena mwambie fundi ni cha kuchajia gari, kwa sababu RCD ya kawaida ya jikoni inaweza kupumbazwa na umeme wa betri ukivuja, isikate panapohitajika. Ziko zilizotengenezwa kwa kazi hii.

Vyote hivyo, waya, breka, soketi, pamoja na ujira wa fundi, ni fedha ndogo ukilinganisha na gari yenyewe. Lakini sote tunaijua fedha ya karafuu inavyokwenda. Msimu ukikubali, gari inanunuliwa kwanza, na waya unaambiwa usubiri vuli.

Erthi ina kisa chake, nacho nataka tukae nacho kidogo. Gari ya umeme haina imani. Kabla ya kupokea umeme, kile kiboksi kilicho katikati ya waya wa kuchajia hupima kama erthi ipo. Ikikosekana kinawasha taa nyekundu na kukataa. Mwenye gari anadhani chaja mbovu, anamwita fundi. Na wako mafundi wanaojua dawa ya haraka: wanafungua soketi, wanaunganisha tundu la erthi na nyutro kwa kipande cha waya, taa inageuka kijani, kila mtu anafurahi, fundi analipwa. Jamani, hiyo si dawa. Siku waya wa nyutro ukikatika huko kwenye nguzo, kwa tawi la mwembe au kwa upepo wa kusi, umeme utarudi kupitia kipande kile kile, na bodi zima la gari litakuwa na umeme. Mtoto akija kuugusa mlango akiwa pekupeku kwenye tope la masika, hadithi imekwisha. Fundi akikufanyia hivyo, mrudishe akitoe mbele yako.

Erthi ya kweli inategemea ardhi. Wenzetu wa magharibi na katikati ya kisiwa, kwenye udongo mzito unaoshika maji, nondo ya shaba ikipigwa chini inashika vizuri. Kwenye ardhi ya mawe, Micheweni na ukanda wa mashariki, nondo inagonga jiwe kabla haijafika popote, na mawe ya matumbawe yakikauka hayapitishi umeme vizuri. Huko itabidi nondo zaidi ya moja, zitenganishwe, ziunganishwe kwa waya mnene, na zichimbiwe mahali penye unyevu, mfano karibu na yanapomwagika maji ya kutawadhia. Kisha fundi apime kwa mita ya erthi na akuandikie namba kwenye karatasi. Akikwambia "iko poa" bila ya mita, bado hajapima.

Tukishamaliza hayo ndipo tuje kwenye chaja ya ukutani, ile ya kilowati 7, ambayo kila anayetazama video mtandaoni anaitaka. Inavuta ampea 32. Nenda kasome namba iliyoandikwa kwenye breka kubwa ya nyumba yako. Ikiwa ni 40, chaja ikifanya kazi na mtu akawasha pampu ya kisima na jiko la umeme, nyumba nzima inazima. Ikiwa ni 60, unapumua, lakini bado unahitaji waya wa milimita 6 au 10.

Halafu kuna jambo wauzaji hawalisemi kwa sauti. Kile kiboksi cha ukutani si chaja. Kazi yake ni kupitisha umeme na kulinda. Chaja yenyewe, inayogeuza umeme wa ukutani kuwa wa betri, imo ndani ya gari, na ina kipimo chake. Leaf nyingi za mwanzo zinazoletwa kutoka Japani zinapokea kilowati 3 hivi tu. Ukizifungia boksi la 7, au la 22, zitachukua 3 zile zile. Umelipia bomba la inchi mbili, kinywa cha chupa ni kile kile.

Na kwa kuwa gari zetu nyingi ni za mkono wa pili kutoka Japani, yapo mawili ya kutazama kabla hujalipa. La kwanza ni tundu la kuchajia. Gari ya Kijapani ina tundu la aina yake, ya Kichina iliyokusudiwa soko la China ina la kwake, ya Ulaya la kwake. Ukifunga mtambo wenye waya uliounganika nao moja kwa moja, umejifunga na aina moja. Mwenye nyumba ya wageni bora afunge boksi lenye tundu tupu, kila mgeni aje na waya wake. La pili ni waya unaokuja na gari. Wa Japani umeandikwa volti 200 na plagi yake haiingii kwetu. Mtu anaikata, anafunga plagi ya pini tatu, anachomeka kwenye volti 230. Wengine unawafanyia kazi. Mimi ningenunua mpya ulioandikwa volti 230, wenye kitufe cha kuchagua ampea 8, 10 au 16, na usiku umeme ukiwa mdogo ukauteremsha mpaka 8.

Umeme ukiwa mdogo usikimbilie stebilaiza ya friji. Ile haibebi gari, utaiunguza.

Betri za Leaf hizo za mkono wa pili, kwa faida ya wanaozitamani, hazina maji ya kuzipoza, na joto letu si la Hokkaido. Chaji usiku, usiiache juani ikiwa imejaa pomoni, na usiifikishe mia kwa mia kama kesho huna safari ya maana.

Tuwageukie vijana wa bodaboda, kwa sababu nahisi umeme utawafikia wao kabla ya wenye gari. Betri ya pikipiki ya volti 72 na ampea-saa 40 haifiki uniti tatu. Chaja yake haivuti hata kilowati moja. Hapo soketi yoyote nzima inatosha, na suala la waya linakuwa jepesi. Suala linahamia mahali. Betri ya lithiamu ikiharibika na kushika moto, haizimiki kwa ndoo ya maji wala kwa mchanga wa kiganja. Kwa hiyo usiichajie ukumbini ambapo ndipo njia ya kutokea watu waliolala, na usiichajie chini ya banda la makuti. Sakafu ya saruji, ukuta wa matofali, mbali na mlango wa kulala. Iliyoanguka barabarani ikabonyea, usiichaji ndani hata kama inaonekana nzima.

Kigali kampuni ya Ampersand imekuwa ikibadilisha betri tangu 2019: dereva anaingia kituoni na iliyokwisha, anatoka na iliyojaa, hangoji. Kwa Pemba naiona biashara hiyo inafaa pale wanapokusanyika vijana, Machomane, Mkoani karibu na bandari, Konde. Mtu mwenye chumba kizuri cha saruji na betri ishirini za akiba anaweza kuianza. Akichaji kumi kwa wakati mmoja anavuta kilowati 8 au 9. Akizigawa zamu mbili usiku, anahitaji nusu yake. Lakini betri zote lazima ziwe za aina moja, na hapo ndipo penye mtihani, kwa sababu kila muingizaji analeta ya kwake.

Biashara za wageni zina faida moja ambayo nyumba ya mtu haina: mchana gari ipo. Mtu wa kazi anaondoka na gari asubuhi, jua linawaka juu ya bati lake, gari haipo kulipokea. Ndiyo maana mimi simshauri mtu wa nyumbani afunge sola kwa ajili ya gari peke yake. Lakini hoteli ya Makangale au Wambaa, ambayo gari yake ya wageni inakwenda uwanja wa ndege asubuhi na kupumzika mchana kutwa, sola inamfaa. Paneli sita za wati 550 zinakupa uniti 12 au 13 kwa siku ya jua zuri, nazo zinatosha zaidi ya kilomita 60. Mwezi wa nne, masika yakikaza, usizihesabu sana. Paneli hizo zikitengenezewa paa la kuegeshea, gari inakaa kivulini na betri inapoa. Mwenye jenereta naye aelewe kwamba gari nyingi zinakataa umeme wa jenereta kwa sababu nyutro yake haijaunganishwa na erthi ipasavyo. Tena kuchoma dizeli ili uchaji gari ya umeme, sijui tumefaidi nini.

Umeme wa fezi tatu ukiwepo, boksi la kilowati 22 linawezekana, lakini kwa wageni wanaolala usiku mzima ningefunga maboksi mawili ya 7 kuliko moja la 22. Yaweke yenye kikomo cha pamoja, ili gari mbili zikija zigawane. Na kila boksi liwe na kijimita chake. Mgeni atakuuliza uniti ngapi, usimkadirie kwa macho. Kabla ya kubandika bei ya uniti ukutani, pita ZURA uulize taratibu za kuuza umeme, usije ukaambiwa umefungua shirika.

Chaja za kasi, zile za kilowati 50 kwenda juu zinazojaza gari kwa dakika arubaini, naziacha kwa kauli moja. Transfoma ya mtaa yenye uwezo wa kVA 100 inalisha nyumba nyingi. Chaja moja ya 50 inakula nusu yake. Mwenye daladala za Chake na Mkoani akija kuzihitaji, asianze yeye na fundi wake, aanze na shirika la umeme, ZECO, na transfoma iwe yake. Basi za umeme za Nairobi, zilizoanza 2022, zinalala kwenye yadi na kuchajiwa huko usiku, na abiria hawaijui hesabu hiyo.

Na tusisahau umeme wenyewe unatoka wapi. Hadi 2010 tulikuwa na majenereta ya dizeli pale Wesha. Juni mwaka ule ukaja waya wa chini ya bahari kutoka Tanga, wa kilovolti 33, kwa msaada wa Norway. Bwawa la Julius Nyerere lina megawati 2,115, lakini zikija Pemba zinapita kwenye waya huo, nao ulitengenezwa kubeba kama megawati 20 kwa watu ambao kwa sensa ya 2022 wamefika 543,441. Chukua gari elfu moja. Zote zikichomekwa saa mbili usiku kwa kilowati 7, ni megawati 7, theluthi nzima ya waya, saa ile ile ya wapishi. Zikichajiwa kwa kilowati 2.3 baada ya saa nne, ni megawati 2 na kitu. Kenya Power tangu 2023 wana bei maalumu ya vyombo vya umeme, nafuu zaidi usiku. Sisi tungeipata hiyo kabla gari hazijafika elfu, ingekuwa bora kuliko kungoja zifike kisha tuanze mgao.

Jambo dogo la mwisho kwa wa Tukuza: ukichomeka gari, tazama uniti zilizobaki. Zikiisha saa nane usiku gari inasita, friji inazima, na asubuhi unalaumu chaja.

Wakati wetu umekwisha. Betri zikichoka zitakwenda wapi katika kisiwa ambacho hata za tochi tunazitupa nyuma ya nyumba, hilo tutaliweka mezani wiki ijayo panapo majaaliwa.